Rodi za Kwenye Hotpoti

Katika nyumba hii, kabla ya chai hupikwa vyuma. Mume huamka kwanza, huwasha jiko, hubandika sufuria kubwa kavu, haina maji wala mafuta, na kuzilaza humo rodi za kuchomelea zikiwa zimepangana kama samaki waliokata tamaa. Hufunika kwa bati, hukaa mbele yake kwenye kigoda, na kuzigeuza moja moja kwa vidole ambavyo moto ulikwisha kuchoka kuvitisha.

"Zimeiva?" mkewe aliuliza asubuhi ile, amesimama mlangoni na birika mkononi. "Au niongeze chumvi?"

"Bado kidogo."

"Watoto wanachelewa shule. Watakunywa chai au watanyonya rodi?"

Mume alicheka bila kugeuka. Kitambulisho chake kina jina kamili, la kwake na la babu, lakini karakana nzima inamwita Koti, kwa ajili ya koti la ngozi analovaa mvua na jua, na nyumbani ni Baba Pacha. Ni fundi wa kuchomelea. Ufundi aliupata kwa makofi ya fundi wake wa zamani, na kitu alichopigiwa zaidi ni hiki: rodi hunywa unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi. Ukichomelea kwa rodi iliyolewa maji, mshono unatoka mzuri, unang'aa, unatamani kuupiga picha. Kesho kutwa, wewe ukiwa na mambo yako, unapasuka wenyewe kwa ndani.

Karakana ina oveni ya kukaushia rodi. Koili yake iliungua mwaka juzi, na nyapara akaona ni mahali pazuri pa kuhifadhi viatu vyake vya mvua. Tangu hapo Koti hukausha zake nyumbani na kuzitia kwenye hotpoti ya arusi yao, ile ya kulisha watu kumi, zinaingia kwa mshazari kama mgeni mrefu kwenye kitanda cha mtoto. Anafunika, anabeba, anakwenda nayo kazini. Wenzake wanaamini ni chakula.

"Koti, unakula na jini gani?" humuuliza.

"Na mama yake," huwajibu. "Baba yake yuko safarini."

Hakumwambia mtu. Mishono ya wenzake hurudishwa ina vitundu kama mkate; yake hairudi. Watu wakasema Koti ana mkono. Yeye akawaacha waseme, maana kibarua aliyefanya kazi miaka kumi na mmoja bila mkataba hana mali nyingine ya kufungia kabatini.

"Leo wanapima," alimwambia mkewe. "Viungo vya aina tatu, mkaguzi anatoka nje. Nikipita, nyapara amesema nakuwa wa kudumu. Mkataba, kadi ya matibabu, na yote."

Mkewe akaacha mzaha. Ni yeye peke yake aliyejua habari ya macho. Mwanga wa kuchomelea ulikuwa umeyatafuna taratibu; la kulia lilikwisha kuingia ukungu, la kushoto lilikuwa linanyemelewa. Siku hizi Koti alichomelea kwa masikio zaidi: mshono mzuri una mlio wa mafuta kikaangoni, mbaya hukohoa. Daktari alisema macho yote mawili yanatibika, akataja bei, nao wakamshukuru wakarudi nyumbani.

"Basi ondoa vyuma vyako," mkewe akasema, "nikupikie chai ya wa kudumu."

*

Kazi ilikuwa kenchi za mabomba za paa la ukumbi mkubwa. Mkaguzi, mama mwembamba mwenye saa iliyofungwa kwa kamba shingoni, alipishana na Koti getini, akaitazama hotpoti, akasalimu, akapita. Mkaguzi alipomaliza kuvaa viatu vya usalama, Koti alikuwa amekwisha hamishia rodi kwenye mkebe wa karakana.

"Mimi sielewi," nyapara alikuwa analalamika. "Chuma ni chuma. Karatasi ya mwaka jana tunayo, imepigwa muhuri."

"Ya mwaka jana ni ya bamba na bamba, kitako kwa kitako," mkaguzi alisema. "Hapa kuna bamba linalosimama juu ya bamba. Na kuna bomba linaloingia ubavuni mwa bomba kwa mshazari. Ile pembe finyu rodi haiingii kirahisi, na chuma kimebanwa kila upande. Anayejua kushona shati hajasema anajua kushona viatu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kila kiungo na jaribio lake, kila jaribio na karatasi yake. Nitaandika umeme kiasi gani, mwendo gani, rodi gani na zimekaushwa vipi. Ili kesho mtu mwingine akifuata karatasi, apate kiungo kilekile."

Neno "mtu mwingine" lilipita sikioni mwa Koti kama nzi. Hakulipiga.

"Rodi zimekaushwa?" mkaguzi akauliza, kalamu tayari.

"Zimetoka kwenye oveni sasa hivi," nyapara alisema. Hakupepesa hata jicho. "Muda wa saa mbili, joto la kutosha."

Mkaguzi alimgeukia Koti. Koti alikuwa amekwisha shusha kofia yake ya kuchomelea, na kofia ile ina faida hiyo: ndani yake mtu anaweza kuwa na uso wowote.

Alifanya kazi siku tatu. Alianza na bamba kwa bamba, akaja bamba la kusimama, akamalizia na mabomba ya mshazari, akizunguka kwenye ile pembe finyu kwa magoti, kwa ubavu, mwishowe chali chini kama anayetengeneza gari. Mkaguzi alimfuata na saa yake na kile kifaa cha kupimia umeme, akiandika. Vipande vilikatwa, vikasuguliwa hadi vikang'aa kama kioo, vikapakwa tindikali mshono uonekane kwa ndani. Vingine vilikunjwa kwenye mashine hadi ncha zikakaribia kubusiana. Hakuna kilichochanika.

"Huu mkono umefundishwa," mkaguzi alisema, na Koti, mtu mzima na mvi zake, akajikuta anatazama chini kama mwari.

*

Karatasi zilirudi baada ya wiki mbili. Siku hiyo Koti alichana nywele.

"Hongera," nyapara alimwambia ofisini, akizipiga piga zile karatasi tatu. "Sasa mkono wako uko hapa."

Koti alisogeza karatasi puani ili aone. Jina lake halikuwamo. Paliandikwa "fundi namba saba".

"Na mkataba, mkubwa?"

"Nimekupigania huko juu. Wanasema karatasi ni mali ya kampuni. Wanasema, ukishakuwa na ramani, unamlipa tena aliyekuonyesha njia?" Nyapara alisema hivyo kwa huruma, kama anayesoma risala ya msiba. "Subira, Koti. Wewe ni mtu wetu."

Jumatatu waliingia mafundi wanne wapya, kila mmoja kwa nusu ya ujira wa Koti. Walipimwa kwa pakiti mpya ya rodi iliyofunguliwa asubuhi hiyohiyo, bado kavu kutoka kiwandani, wakapita wote. Koti akapewa grenda na brashi ya rangi, awasafishie mishono. Wiki iliyofuata akaambiwa aje siku tatu tu, "apumzishe mgongo". Vijana wakampa jina jipya, Mzee Karatasi. Alicheka nao, maana asiyecheka huchekwa mara mbili.

Mmoja wa wale wanne alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, Mama Pacha, mwanamume wa miaka thelathini mwenye mke na mtoto wa kunyonya. Koti ndiye aliyemfundisha kazi, kwa kuombwa na mkewe hadi akachoka kukataa. Alimfundisha kushika, kusikiliza, kupumua. Sufuria hakumfundisha. Shemeji akija alfajiri, sufuria ilikuwa imekwisha epuliwa na kufichwa.

*

Jumapili mchana shemeji alikuja kula. Alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Shemeji, zile rodi zinatema. Pakiti zinakaa wazi stoo, na mvua hii. Kwenye bamba naona afadhali. Kwenye ile pembe ya mabomba mshono unatoka, lakini mlio siupendi. Kama mtu mwenye pumu."

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema rodi zikaushwe kwenye oveni saa mbili. Nimeuliza oveni, nyapara akanionyesha viatu."

"Basi mwambie akukaushie kwenye viatu," Koti akasema, na watoto wakacheka.

Shemeji alicheka pia, kwa adabu. Kisha akasema polepole, "Wewe ulifanyaje? Nifundishe. Nikirudishiwa kazi mara tatu wananitoa, na wewe unaijua hali yangu."

Mama Pacha alikuwa anakusanya vyombo. Hotpoti ilikuwa palepale, katikati ya mkeka. Mikono yake ilisimama juu ya mfuniko.

Koti alilitazama bonge la ukungu ambalo ndani yake alikuwamo shemeji yake. Aliwaza: wakirudishiwa kazi mara tatu, watanijia kwa magoti. Nyapara mwenyewe atakuja. Atasema Koti, rudi, mkataba huu hapa. Ni mwezi mmoja tu wa vitundu, nani amekufa kwa vitundu?

"Fuata karatasi, shemeji," akasema. "Mimi ni nani? Mimi ni mtu wa rangi."

Shemeji alipoondoka, mkewe aliweka sahani chini kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Baba Pacha, ungemwambia."

"Nimwambie nini? Nimpe na kile kidogo kilichobaki? Wameuchukua mkono, sasa wachukue na jiko?"

"Yule si wao. Yule ni mdogo wangu."

"Akishajua yeye, kesho wanajua wote. Halafu macho yangu utayatibu wewe kwa birika?"

Mkewe alivirudia vyombo. Aliiosha hotpoti siku hiyo kwa muda mrefu sana.

*

Kenchi mbili za kwanza zilipanda salama. Ya tatu ilichomelewa na shemeji Jumanne, ikatazamwa Jumatano, haina doa. Ijumaa saa nne asubuhi winchi iliinyanyua, shemeji akiwa chini ameshika kamba ya kuiongoza. Waliokuwapo wanasema ulisikika mlio mmoja tu, kama mtu aliyevunja kuni gotini. Bomba la mshazari lilichomoka pembeni mwa mwenzake, likabembea, likashuka. Alikimbia vizuri. Mguu mmoja ndio uliochelewa.

Waliukata chini ya goti jioni ileile.

Kampuni ilituma mtu na kikapu cha matunda, na nyuma ya matunda barua. Utaratibu wa kuchomelea kiungo hicho, barua ilisema, ulikwisha jaribiwa na kufuzu. Kwa hiyo kasoro ni ya mfanyaji, na fidia haimhusu. Mke wa shemeji hakujua kusoma maneno marefu. Alimletea wifi yake amsomee, Mama Pacha akasoma mara moja, akaikunja, akamwambia, "Wanasema wanaifikiria."

Siku mbili baadaye nyapara alikuja nyumbani kwa Koti kwa miguu yake, kama Koti alivyoota, ila hakupiga magoti. Aliketi kwenye kiti cha pekee chenye mto, akatoa mkataba kwenye mfuko wa nailoni.

"Mkaguzi anarudi Alhamisi. Atakuuliza siku ile rodi zilitoka wapi. Oveni tumeshaitengeneza, inawaka vizuri, hata rangi tumeipiga. Wewe unasema tu kitu ulichokisema siku ile."

"Siku ile sikusema kitu."

"Ndivyo hivyo," nyapara akasema. "Leo useme." Akaiweka kadi ya matibabu juu ya mkataba, mpya, ina nafasi ya picha. "Ukisema vinginevyo, jaribio zima ni la uongo, karatasi zote tatu zinachanwa, na aliyedanganya ni nani? Namba saba."

Mama Pacha alikuwa nyuma ya pazia. Nyapara alipotoka alisimama mbele ya mumewe.

"Wakijua rodi zilikuwa mbichi na oveni ilikuwa maiti, kosa si la mdogo wangu. Watamlipa mguu wake."

"Najua."

"Basi utasema."

"Nitasema."

Alhamisi alfajiri, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, mwanamke ndiye aliyekuwa kwenye kigoda. Alizikausha rodi sita mwenyewe, akazigeuza kwa uma, akazilaza kwenye hotpoti na kumkabidhi. "Maneno yakikwama, fungua tu. Wataona wenyewe."

*

Ofisini Koti aliketi na hotpoti miguuni. Joto lake lilipenya suruali hadi kwenye muundi. Mkaguzi alikuwa na faili. Nyapara alikuwa dirishani, anatazama nje kama mtu asiyehusika. Mkataba ulikuwa mezani, peni juu yake.

"Kiungo kilipasuka kwa unyevu," mkaguzi alisema. "Hilo naliona kwenye chuma. Nisichokiona ni kwa nini chako kilipona kwa utaratibu uleule. Siku ile rodi zilitoka wapi?"

Koti alifungua mdomo. Alimwona shemeji kitandani, kweli alimwona, na pale ambapo shuka lilikuwa bapa. Kisha akaona jinsi alivyomwona: kama kivuli nyuma ya kioo cha bafuni. Akawaza mwaka ujao hata hicho kivuli hakitakuwapo, na pacha watamshika mkono kumvusha barabara, na mkewe atafua nguo za watu.

"Kwenye oveni," akasema.

"Una hakika?"

"Saa mbili. Joto la kutosha."

Mkaguzi hakuandika mara moja. "Siku ile nilikukuta getini na hotpoti kubwa. Naona hata leo unayo. Nilijiuliza, mtu mmoja, chakula chote hicho. Ni cha nini?"

"Ni alichopika mke wangu," Koti akasema, na lilikuwa neno la kweli pekee alilolisema siku hiyo.

Nyapara alicheka dirishani. "Huyu anakula na majini, mama. Muulize mtu yeyote."

Mkaguzi alimtazama Koti kwa muda. Akainua kalamu. "Mimi naandika ninachoambiwa," alisema. "Kale basi, kisije kikapoa."

Koti alitia saini mkataba pale alipoonyeshwa kwa kidole, maana mstari hakuuona.

Nyumbani mkewe alifunua hotpoti, akaona rodi sita kama alivyozilaza, zimepoa. Alizitoa moja moja akazisimamisha kwenye kona, pale wanapoweka mafagio.

*

Kadi ilifanya kazi. Walimtengeneza jicho la kulia, baada ya wiki sita la kushoto, na siku ya kufungua bandeji Koti alitoka hospitali akisoma mabango kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Aliona mvi za mkewe. Aliona kwamba pazia lao, alilodhani ni la buluu, lilikuwa la kijani. Aliona kwamba mkewe humjibu kila anachouliza na hamwulizi chochote.

Shemeji alikuwa amehamia kwao na mkewe na mtoto, chumba cha pacha, kwa kuwa kodi ilimshinda. Mchana huo alijikokota kwa magongo hadi mkekani, akashuka taratibu, akalaza magongo ubavuni.

"Shemeji, hongera ya macho. Sasa kuna kitu nataka uniambie, na usinionee haya." Alijifunga kibwebwe cha tabasamu. "Mzee mmoja mwenye kibanda cha mageti amesema anaweza kunipa kazi ya kukaa. Mikono ninayo. Lakini kabla sijashika tena rodi nataka kujua. Pale kwenye mshazari, nilikosea wapi? Wewe ndiye uliyenifundisha. Kila siku nalitazama shuka na kujiuliza, ni mwendo? Ni umeme? Nilikosea wapi?"

Mama Pacha alikuwa anapakua. Hotpoti ilikuwa mbele yake, mvuke unapanda. Mwiko ulisimama hewani. Alimtazama mumewe, mara ya kwanza tangu ile Alhamisi, na Koti akaziona kope zake, kila moja.

Alikuwa amewekewa swali dogo, la jibu fupi, na lilikuwa mdomoni. Akawaza mkataba. Akawaza: akishajua mmoja, kesho wanajua wote.

"Ulikwenda mbio, shemeji," akasema. "Kwenye ile pembe mshono hautaki haraka."

Shemeji aliitikia kwa kichwa muda mrefu, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. "Nilijua," akasema. "Wallahi nilijihisi. Nilikuwa na haraka. Asante, shemeji. Angalau sasa najua ni mimi."

Mama Pacha alishusha mwiko. Akampakulia mdogo wake, akajaza hadi ikafurika. Akampakulia wifi yake, akawapakulia pacha. Akakomba kilichobaki akajiwekea mwenyewe. Kisha akaisukuma hotpoti juu ya mkeka, taratibu, hadi ikagusa goti la mumewe.

"Chako hiki, Baba Pacha."

Koti aliinama akatazama. Ndani hamkuwa na kitu. Kulikuwa na bati tupu, na juu yake mikwaruzo ya rodi, ya miaka, imepishana kwa mshazari, na macho yalikuwa mazuri sana sasa, aliweza kuihesabu.